Kutu ya kahawa, maharage, mahindi na parachichi: je, ni kutu moja?

Swali: Shikamoo mama. Nina ekari moja na nusu huku Rungwe, shamba aliloniachia marehemu baba. Kahawa iko chini ya migomba, maharage na mahindi nalima pembeni, na nina miparachichi 30 ya mwaka wa tatu. Tangu mvua za Machi karibu kila jani limeota kutu. Jirani yangu anasema kutu inazaliwa kwenye kahawa kisha inarukia maharage, na ananishauri ning'oe mibuni yote. Dukani nilipewa dawa ya metalaksili nipige shamba zima. Nimepiga mara mbili na sioni badiliko. Nakutumia picha nne, moja ya kila zao. Kutu hii ni moja? Mibuni niing'oe? Ndaga fijo.

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole. Weka panga chini kwanza. Mibuni usiing'oe. Kutu ya kahawa haiishi kwenye maharage, ya maharage haiishi kwenye mahindi, na ya mahindi haina habari na kahawa. Kwa picha zako, shambani mwako kuna viumbe wanne na kila mmoja ana mmea wake. Watatu ni ndugu wa ukoo mmoja. Wa nne, yule mwenye madoa ya rangi ya chungwa juu ya majani ya parachichi, si kutu, wala si kuvu. Metalaksili uliyouziwa haimhusu hata mmoja wao.

Nitakujibu kwa kirefu, maana swali hili naulizwa karibu kila masika, na wengine huniuliza mibuni ikiwa imeshalala chini.

Kesho asubuhi, umande ukishakauka, ingia shambani na tishu nyeupe na kioo cha kukuzia, hata kile cha wazee cha kusomea maandishi madogo. Geuza jani la kahawa, futa upande wa chini kwa tishu. Utabaki na unga wa rangi ya chungwa kama bizari. Ukitazama kwa kioo utaona ngozi ya jani haijapasuka. Unga unatokea kwenye vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia, na kila kitundu kinatoa kishada chake. Laiti ungekuwa na hadubini ungeona zaidi: kila chembe, ambayo sisi huita spora, ina umbo la kipande cha chungwa kilichomenywa, upande mmoja laini na upande wa pili una miiba. Ndiyo maana kuvu hii ikaitwa Hemileia, yaani nusu-laini. Jina lake la pili ni vastatrix, yaani mwangamizi, nalo lina sababu yake ambayo nitaifikia.

Sasa nenda kwenye maharage. Hapo ngozi ya jani imepasuka kweli. Utaona malengelenge madogo, kingo zake zimechanika kama karatasi, ndani mna unga wa rangi ya mdalasini, na mara nyingi pembeni kuna duara la njano. Huyo ni Uromyces appendiculatus. Kwenye mahindi malengelenge yamerefuka kidogo na yako pande zote mbili za jani, na kwa baridi ya huko juu kwenu huyo ni Puccinia sorghi. Ndugu yake, Puccinia polysora, anapenda joto. Ukishuka Kyela ndiye utakayemtarajia, na yeye hujaa zaidi upande wa juu wa jani.

Kisha futa doa la parachichi. Tishu itabaki karibu nyeupe. Doa lenyewe limeinuka kidogo, lina manyoyamanyoya kama kitambaa cha mahameli. Hilo tutalirudia.

Hao watatu wa kwanza ni wa oda (yaani kundi la kisayansi) ya Pucciniales, yenye zaidi ya spishi 7,000 zinazojulikana duniani. Watu wengi hushangaa nikiwaambia kwamba kutu iko kwenye kundi moja kubwa na uyoga tunaookota miomboni mvua zikianza. Tofauti kubwa ni chakula. Uyoga mwingi unaweza kula kilichokufa: gogo, majani makavu, samadi. Kutu haiwezi. Inakula mmea ulio hai tu, na jani likifa, sehemu ile ya kutu iliyokuwa ikinyonya inakufa nalo. Mwaka 2011, wanasayansi waliposoma jenomu, yaani jeni zote, ya kutu ya shina la ngano na ile ya mti wa mpopla, walikuta kuvu hizi zimepoteza baadhi ya jeni za kutumia naitreti na salfeti. Ni kama mtu aliyekula kwa jirani miaka mingi hadi akasahau kuwasha moto. Ukishafikia hapo, huwezi kuhamahama. Umejifunga kwa mwenyeji wako.

Na kifungo hicho kimekaza kuliko unavyodhani. Chukua spora moja ya kutu ya maharage imetua kwenye jani wakati wa ukungu wa alfajiri. Ikipata maji inaota, inatoa uzi mwembamba unaotambaa juu ya ngozi ya jani. Uzi huo hauna macho, unapapasa. Unatafuta kitundu cha kupumulia. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walitengeneza vipande vya plastiki vyenye matuta madogo mno ya vimo tofauti, wakaiweka kutu hii juu yake. Uzi ulipokutana na tuta la nusu mikroni, ukasimama na kuanza kujenga kifaa cha kuingilia, ingawa chini yake hakuna jani wala chakula. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, nawe chukua nusu yake. Kimo hicho kinafanana na kile cha ukingo wa kitundu kwenye jani la haragwe. Tuta likiwa refu sana au fupi sana, uzi unapita tu. Na hata ukifanikiwa kuingia, lazima upenyeze vidole vya kunyonyea ndani ya chembehai na mmea usishtuke. Kutu ya kahawa ikitua kwenye haragwe haina hata ufunguo mmoja kati ya hizo. Inaota, inatangatanga, inakauka.

Hata hivyo jirani yako usimcheke. Amekosea mimea, lakini wazo lenyewe ni la kweli na ni la zamani. Kuna kutu zinazohitaji mimea miwili isiyo na undugu wowote ili zikamilishe maisha. Wakulima wa Ulaya waliona zamani kwamba ngano iliyo karibu na kichaka cha miiba cha jamii ya Berberis hupata kutu zaidi, na mji wa Rouen huko Ufaransa husimuliwa kuwa ulitunga sheria ya kuving'oa vichaka hivyo mwaka 1660. Wasomi wengi waliwapuuza. Ilichukua hadi mwaka 1865 ndipo Mjerumani Anton de Bary alipothibitisha kwamba kuvu ya ngano na ile ya kichaka ni kiumbe kimoja chenye sura mbili. Napenda kuwakumbusha vijana wa ugani habari hii, kwa sababu aliyeona kwanza alikuwa mkulima. Spishi moja ya kichaka hicho, Berberis holstii, inaota kwenye milima yetu ya Afrika Mashariki.

Kutu kamili ina hatua tano za spora. Zile za unga unaouona sasa ndizo zinazojirudia na kuruka na upepo msimu mzima. Mwishoni mwa msimu zinakuja nyingine, nyeusi na ngumu, za kustahimili. Hizo nazo zinazaa spora ndogo laini, na kwenye kutu za mimea miwili ndizo zinazohamia kwa mwenyeji wa pili. Huko kuna hatua mbili zaidi, moja ya kupandana na moja ya kurudi nyumbani. Kutu ya mahindi ina mwenyeji wa pili: yale magugu madogo ya jamii ya Oxalis, yenye vijani vitatu vya umbo la moyo na ladha ya uchachu, ambayo watoto hutafuna njiani. Lakini kwa nchi kama yetu, penye mahindi mabichi mahali fulani karibu mwaka mzima, spora za unga zinatosha kuiendeleza, kwa hiyo usipoteze siku kung'oa magugu hayo kwa ajili ya kutu. Kutu ya maharage inamaliza hatua zote tano kwenye haragwe lenyewe. Na kutu ya kahawa? Mwenyeji wake wa pili ametafutwa kwa zaidi ya miaka mia na hadi leo hajapatikana.

Mambo haya ya sura nyingi ndiyo yaliyowachanganya hata wanaozipa majina. Sura moja ya kutu ilipewa jina, sura nyingine ya kutu hiyohiyo ikapewa jina jingine, na yote mawili yakakaa vitabuni. Mwaka 2011, kwenye kongamano la mimea huko Melbourne, ndipo ilipoamuliwa kuvu moja iwe na jina moja. Zamani tulitenganisha jenasi kwa spora zile nyeusi: zenye vyumba viwili ni Puccinia, zenye chumba kimoja ni Uromyces. Ni njia rahisi na bado naitumia mezani, ila DNA imeonyesha kwamba jenasi hizo mbili zimechanganyikana, na mpangilio wake bado unapangwa upya.

Sasa dawa, maana najua pesa imekuuma. Metalaksili imetengenezwa kwa ajili ya kundi jingine kabisa, linaloitwa oomiseti. Kwa macho yanafanana na kuvu, lakini kuta za chembehai zao zina selulosi na wako karibu na mwani wa kahawia wa baharini kuliko uyoga. Humo ndimo alimo Phytophthora infestans, mleta baka chelewa kwenye viazi vya Uporoto, na pia Albugo candida, anayeleta vipele vyeupe kwenye majani ya haradali na jamaa zake, ugonjwa ambao nao watu huuita kutu nyeupe. Kwa viazi, metalaksili ni dawa ya maana. Kwa kutu halisi ni maji ya bei ghali. Na kinyume chake ni hivyohivyo: dawa za kundi la triazoli huziba utengenezaji wa ergosteroli, kitu ambacho kutu inakihitaji sana, lakini oomiseti hawakitengenezi, kwa hiyo haziwadhuru. Soma kibandiko cha chupa yako. Ikiwa metalaksili imechanganywa na mankozebu, hiyo mankozebu ilikupa kinga kidogo kwenye majani yaliyokuwa bado salama. Yaliyokwisha kuingiliwa isingeyaponya. Aliyekuuzia alisikia neno kutu, hakuona jani. Nawe safari ijayo ingia dukani na jani mkononi.

Turudi kwenye parachichi. Yule ni Cephaleuros, mwani. Ni mmea wa kijani kabisa kwa undugu, una klorofili na unajitengenezea chakula kwa jua, ila rangi ya kijani imefunikwa na rangi ya jamii ya karoti. Spora za kutu nazo zinapata uchungwa wao kwenye rangi za jamii hiyohiyo, ndiyo maana macho yanadanganyika. Mwani huu unaishi chini ya ngozi ya juu ya jani na unasambaa kwa matone ya mvua, kwa vijimbegu vyenye mikia vinavyoogelea kwenye maji yaliyotuama juu ya jani. Kinachonifurahisha mimi kuliko vyote ni hiki: wakati mwingine kuvu fulani huufunika mwani huu na wawili hao wakawa kiumbe kimoja, kuvuliani ya jenasi Strigula, doa la kijivu lililotulia ambalo halina haja ya dawa. Hata wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Tukuyu na Mufindi wakikuambia "kutu nyekundu" ya chai, wanamtaja ndugu wa mwani huu, Cephaleuros parasiticus. Yeye huonea michai dhaifu, hasa yenye upungufu wa potasiamu au iliyosimama kwenye maji.

Kwa hiyo mwani kwenye parachichi zako nauchukulia kama taarifa kuhusu mti. Angalia mitaro, maji yasisimame kwenye shina. Pogolea matawi ya chini yanayogusa ardhi, fungua katikati hewa ipite, rutubisha. Ukilazimika kupiga dawa, ile ya kopa (yaani ya madini ya shaba) inatosha, tena kabla mvua hazijakolea. Usipige ovyo, kwa kuwa parachichi zinazokwenda nje hupimwa masalia ya dawa.

Kahawa ndiyo inayohitaji akili yako zaidi, na hapa nitasema ukweli mchungu. Hemileia ni ya bara letu. Iliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1861 karibu na Ziwa Victoria, kwenye kahawa ya mwituni. Mwaka 1869 ikatokea Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka, wakati huo ikiwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kahawa duniani. Ndani ya miaka 20 hivi mashamba yale yakawa ya chai. Hiyo ndiyo sababu ya jina la mwangamizi. Mwaka 1970 ikavuka hadi Brazili. Kwa hiyo hutaifukuza Rungwe. Utaishi nayo, na inawezekana.

Inahitaji maji juu ya jani ili iote, na joto la nyuzi 22 hivi ndilo inalolipenda. Ikishaingia hukaa wiki tatu au zaidi kabla unga haujaonekana. Unachokiona leo kiliingia mwezi uliopita. Hivyo dawa ya kopa ipigwe mvua zinapoanza, upande wa chini wa majani ulowe vizuri, na irudiwe kadiri kibandiko kinavyoelekeza. Triazoli iwe akiba ya mwaka mbaya, kwa sababu ikitumiwa mfululizo kutu huizoea. Punguza matawi mibuni ipumue. Mbuni uliozaa kupita kiasi na kukosa mbolea ndio unaopukutika majani kwanza.

Migomba usiikate yote. Kivuli kikizidi jani halikauki, hilo ni kweli, lakini kivuli cha wastani kinazuia mbuni kujichosha kwa kuzaa na kinafuga rafiki zako. Tafuta madoa ya kutu ya kahawa yaliyofunikwa na utando mweupe kama pamba. Hiyo ni kuvu nyingine, Lecanicillium lecanii, inayokula kutu na pia kuwashambulia wadudu gamba. Kwenye unga huo huo unaweza kukuta vibuu wa rangi ya chungwa, wadogo sana, wa jenasi Mycodiplosis. Wanakula spora. Mara ya kwanza nilipowaonyesha akina mama wa kikundi kimoja vibuu hao chini ya kioo, hakuna aliyetaka kuondoka. Hawataimaliza kutu, lakini kila ukipiga dawa bila sababu unawapiga na wao.

Mibuni ya marehemu baba inawezekana ni ya aina za zamani. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, wana kituo Mbimba, Mbozi, na wametoa aina zinazostahimili kutu na chulebuni pia, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa. Unaweza kubebesha mashina ya zamani, yaani kuyaunga vikonyo vya aina mpya, taratibu, mistari miwili mitatu kwa mwaka, badala ya kung'oa. Changanya aina. Katika miaka ya 1940 Harold Flor, akichunguza kutu ya kitani huko North Dakota, alionyesha kwamba kila jeni ya ukinzani kwenye mmea ina jeni inayolingana nayo kwenye kutu, na kutu ikibadilisha yake mlango unafunguka. Aina ndogondogo za kutu ya kahawa zinazojulikana sasa, kila moja na ufunguo wake, zimezidi 50. Honduras walipanda aina moja, Lempira, kwa wingi mno, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba haistahimili tena.

Maharage: msimu huu acha yamalize. Ukivuna, masalia usiyaache shambani, na maotea yang'oe. Kama unapandishia kwenye miti, usirudishe miti ileile bila kuisafisha, kwa kuwa spora hukaa kwenye maganda yake. Msimu ujao maharage yahame upande wa pili wa shamba, na chukua mbegu kituo cha utafiti cha Uyole badala ya ile ya gunia la jikoni. Mahindi yaache. Kwa kiwango ninachokiona pichani, dawa itakugharimu kuliko kutu.

Kuna jani moja la haragwe pembeni ya picha yako ya tatu ambalo malengelenge yake yameanza kuwa meusi. Hizo ni spora za mwisho wa msimu, na ndizo ninazozihitaji ili nikuambie bila shaka ni kutu gani. Chuma majani matano ya namna hiyo, yalaze katikati ya gazeti kavu, usitie kwenye mfuko wa nailoni maana yataoza njiani. Fanya vivyo hivyo kwa mahindi na kahawa, kila zao na bahasha yake, andika juu zao, kijiji na tarehe, kisha mpe afisa ugani wa kata aniletee. Ya parachichi weka moja tu, lile lenye doa lililogeuka la kijivu, kama lipo. Nataka kuona kama Strigula wameshafika.